Nilimwambia Mama Yako Mtandao Uko Sawa

Keza mwanangu,

Nilimwona mama yako. Nilizungumza naye ana kwa ana, kwenye geti la kituo chetu cha mitambo ya simu hapa Kigoma mjini, siku ya Jumatano, kama saa nne asubuhi. Miaka kumi na mitatu umeniita baba, na miaka yote hiyo nimekuacha uamini kwamba sikuwahi kumtia machoni. Perusi hajui, na ni mke wangu. Nyogokuru, bibi yako, alikufa bila kujua. Padre naye hajui, ingawa nilimwendea mara mbili kwa ajili ya jambo hili hili, na mara zote mbili nikaishia kuungama hasira.

Umekwenda Gungu kuwaaga wenzako wa shule. Treni yako ni kesho. Nimekaa kwenye meza yetu ya chakula, mchana kweupe, na kila nikisikia mtu anapita uani navuta Biblia na kufunika karatasi, kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Perusi ameshapita mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Leo Baba Keza amekuwa mlokole." Nikacheka naye. Unaona ninavyoweza? Mtu anaweza kucheka huku amekalia jambo kama hili.

Mambo ya safari nayapita. Perusi amekufungia samaki, migebuka mikavu ya kulisha mtaa mzima, na ya pochi, na ya kutolala dirisha likiwa wazi, atakuambia mwenyewe hadi utachoka. Mimi nina jambo moja tu, na nimelianza nikitokea mwisho. Ngoja nirudi nyuma kidogo, nianzie hapa hapa mezani.

Wiki iliyopita ulitandaza vifuniko vya soda kwenye kitambaa hiki ili utueleze kazi unayokwenda kuifanya Dar. Perusi alikuambia, "Mwanangu, mimi najua mnara. Mnara ukianguka, simu imekufa." Nawe ukasema, "Mnara ni sikio tu, mama. Nyuma ya minara kuna mitambo inayojua wewe ni nani, uko wapi, na simu yako ipitie wapi. Hicho ndicho kiini cha mtandao." Ukapanga vifuniko. Huu wa kijani unatambua wateja, huu mwekundu unapitisha simu, huu unapitisha intaneti. Halafu ukaweka kisahani katikati, ukasema hilo ni daftari. Kila mtambo ukiwaka unakwenda wenyewe kujiandikisha pale: nipo, jina langu hili, nahudumia hawa. Baada ya hapo unapiga hodi kila baada ya muda mfupi ili ijulikane bado uko hai. Na wale wanaosimamia mtandao mzima, wenye zile skrini kubwa ukutani, wameshaliambia daftari tangu mapema: akiingia mtu, akitoka, akihama, tujulishe papo hapo. Hivyo ramani yao inajichora yenyewe kila sekunde.

"Zamani, baba," ulisema, "ramani ilikuwa inachorwa na watu. Si ndivyo mlivyokuwa mnafanya?"

Nikakuuliza, "Na kama fundi wa mkoani amebadilisha kitu, halafu hataki kusema?"

Ukacheka kile kicheko chako cha kutupa kichwa nyuma. "Fundi haulizwi, baba! Mtambo ndio unaosema."

Niliinuka nikaenda jikoni. Nilisema nafuata pilipili. Nilisimama nimeshika kinu cha pilipili hadi Perusi akaita akiuliza kama nimekwenda kuipanda. Keza, nilikuwa nalia. Ulikuwa umetaja kitu ambacho kama kingekuwepo miaka kumi na mitatu iliyopita, mama yako labda angekuwa ndiye anayekufungia migebuka leo.

Unajua nilikuja huku nikiwa na miaka kumi na mitano, kutoka ng'ambo ya mpaka, kama wewe. Baba mdogo alikuwa ameshakaa Gungu miaka mingi, ana nyumba, ana karatasi. Nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa, nikaingizwa darasani kwa Kiswahili. Wiki ya kwanza mwalimu wa jiografia aliniuliza swali ambalo jibu lake nalijua vizuri sana. Nikasimama, nikajibu, na lafudhi yangu ikajaa darasa zima. Kijana wa nyuma akasema, "Mwalimu, redio ya Bujumbura imekamata!" Walicheka mpaka mwalimu naye akageukia ubao ili tusimwone. Siku hiyo nilijifunza jibu ambalo halichekwi: "Sina la kusema, mwalimu." Nililitumia hadi namaliza shule. Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mtulivu. Haukuwa utulivu.

Kazini nikaenda mbali zaidi. Hili hulijui. Nilipoajiriwa nilisema mimi ni Muha wa Kalinzi. Nani atajua? Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, ukisema taratibu unapita. Nilikuwa nimewahi kwenda Kalinzi mara mbili tu, zote kwa ajili ya mnara, lakini nilizungumza juu ya kahawa ya huko kama niliyeachiwa shamba na babu. Mzee Juma wa getini, yule wa Ujiji mwenye kofia ya vito, unamkumbuka, alikuwa ananitania, "We Muha gani hujawahi kuniletea hata gunia la viazi?" Nami nikawa nanunua viazi sokoni Kigoma na kumpelekea, nikisema vimeshuka na pikipiki kutoka nyumbani. Uongo mdogo hivi, wa viazi. Sikujua unazoesha mkono.

Basi ukaja mwaka ule ambao watu wa kwetu walianza kushuka tena hadi ufukweni, kule kaskazini karibu na mpaka. Maelfu wamekaa kwenye mchanga, kati ya mlima na maji, wanasubiri meli iwalete Kigoma kwa mafungu. Na kila mtu ana simu, na kila mtu anampigia aliyebaki au aliyetangulia. Kituoni tulikuwa na mitambo miwili ya kiini, tukiiita Namba Moja na Namba Mbili. Minara yote ya ufukwe ilipita Namba Moja. Namba Mbili ilikuwa mpya, imewashwa, haina mzigo. Namba Moja ikaanza kuzidiwa. Simu zinakatika, watu wanapiga mara kumi kupata mara moja. Jumapili moja, baada ya misa, nilikwenda peke yangu nikahamisha minara ya ufukwe wa kaskazini kuja Namba Mbili. Kazi ya saa mbili. Simu zikafunguka. Niliendesha baiskeli kurudi nyumbani nikiimba.

Lilikuwa jambo jema, Keza. Nataka ujue hilo pia, si kwa kujitetea. Kosa langu lilikaa ndani ya jambo jema, ndiyo maana sikulitambua mapema.

Ramani ya Dar ilikuwa inachorwa na watu, kama ulivyosema. Kila mkoa ukibadilisha kitu unajaza fomu, halafu unaitaja kwenye kikao cha simu cha Jumanne asubuhi. Kikao kilikuwa kwa Kiingereza. Kifaransa ninacho, Kiswahili ninacho, Kiingereza nilikisoma kwenye vitabu vya mitambo tu, sikuwahi kukitoa mdomoni mbele za watu. Mara moja nilijaribu. Nilianza sentensi, ikanifia katikati, na fundi wa mkoa mwingine akasema, "Jamani, Kigoma iletewe mkalimani." Wakacheka. Si kwa ubaya. Ila mimi nilikuwa tena na miaka kumi na mitano, na redio ya Bujumbura imekamata.

Kwa hiyo Jumanne ya kwanza baada ya kuhamisha minara, waliposema "Kigoma?", nilijua wataniuliza kwa nini, na kwa kibali cha nani, na nitatakiwa kueleza. Nikasema maneno mawili niliyokuwa nayo tayari: hakuna mabadiliko. Jumanne ya pili ikawa ngumu zaidi, maana sasa ningelazimika kueleza na ya kwanza. Hakuna mabadiliko. Jumanne ya tatu mama mmoja aliyesimamia ramani aliuliza waziwazi, "Kigoma, Namba Mbili bado haijabeba mnara wowote?" Aliuliza polepole, kwa upole, nadhani kwa ajili yangu. Alinifungulia mlango mzima. Nikasema hakuna mabadiliko. Akasema vizuri, wiki hii tutaizima tuiwekee programu mpya.

Nikajiambia, kesho asubuhi narudisha minara yote Namba Moja kimya kimya, basi. Kesho. Wao wakaizima mchana ule ule.

Na skrini, Keza, ilibaki kijani. Kwenye ramani minara ya ufukwe ilikuwa bado watoto wa Namba Moja, na Namba Moja ilikuwa hai. Kilichozimwa, kwa macho yao, kilikuwa nyumba tupu. Ndani ya hiyo nyumba tupu mlikuwa ninyi, wewe na nyogokuru wako, na kila mtu aliyekaa kwenye ule mchanga.

Jumatano asubuhi nilifika kazini nimekusudia kurudisha minara. Nikaanza kwa kunywa chai. Mzee Juma akaniita getini.

"Njoo, kuna mgeni wako. Nimemwambia nina Muha wa Kalinzi humu ndani, mtaelewana."

Alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge cha kijani chenye ndege weupe, na mkononi ana tiketi ile ya karatasi waliyopewa kwenye uwanja wa mpira walipofikia wakimbizi. Paji lake la uso ni lako. Hilo nililiona baadaye, nilipokuona wewe. Nilisimama pale uwanjani kama nimepigwa.

"Amahoro," alisema. Halafu akaniangalia vizuri, akauliza taratibu kama mimi ni Mrundi, "Uri Umurundi?"

Alinitambua. Sijui kwa nini. Nilikuwa sijafungua kinywa. Mzee Juma alikuwa amesimama hapo, anatabasamu, anasubiri kusikia Kiha. Nami nikamjibu mama yako kwa Kiswahili cha redioni: "Hapana mama. Karibu, nikusaidie nini?"

Alikuwa na Kiswahili kidogo, akakitumia chote. Meli ilimchukua yeye na kundi la wagonjwa kwa sababu alikuwa na homa, akawaacha mama yake na mtoto wafuate. Homa imepona. Tangu jana mchana anapiga simu ya mama yake, haipatikani. Amepiga simu ya jirani, haipatikani. Na pale uwanjani watu wanasema ufukweni kuna ugonjwa wa kuhara, watu wanakufa, wanazikwa palepale. "Umwana wanje," mtoto wangu, alisema, na akaonyesha urefu wako kwa kiganja, hivi. "Keza. Miaka saba. Niambie tu, ni simu zenu zimeharibika, au ni wao?"

Ni simu zenu, au ni wao. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali zuri kuliko hilo, mwanangu. Mhandisi mwenye shahada angeuliza hivyo hivyo.

Nilikwenda ofisini, nikaangalia skrini. Kijani yote. Chumba cha mitambo kilikuwa upande wa pili wa ukumbi, hatua kumi na tano. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi kuliko nilivyohesabu kitu chochote. Ningefungua mlango tu ningeona taa za Namba Mbili zimezimika. Na moyoni nilikuwa nimeshaona. Sitaki nikudanganye kwamba sikujua. Nilijua kama unavyojua mvua inakuja kabla hujatazama juu. Lakini nikifungua ule mlango, itabidi nipige simu Dar, na niseme kwa Kiingereza kwamba kwa Jumanne tatu nimekuwa nikiwadanganya. Nikiangalia skrini peke yake, nina ushahidi.

Nikarudi getini nikamwambia, "Mama, mtandao uko sawa."

Akauliza tena, "Sawa kabisa? Huko aliko mtoto?"

"Sawa kabisa. Nimeangalia."

Aliinamisha kichwa. Akasema "Urakoze," ahsante, akaondoka akitembea haraka kuelekea barabarani. Mzee Juma akasema, "Maskini. Basi ni kweli kuna msiba huko." Nami nikarudi kwenye chai yangu. Ilikuwa bado ya moto. Hilo ndilo linalonishinda, kwamba ilikuwa bado ya moto.

Baada ya chakula cha mchana ndipo nilipofungua chumba. Namba Mbili ilikuwa giza. Nilirudisha minara Namba Moja, na kufika saa tisa simu za ufukweni zilikuwa zinaita. Unajua nini kilitokea kwenye ramani? Hakuna. Ramani ilikuwa inasema minara iko Namba Moja, na sasa iko Namba Moja kweli. Nilipourekebisha uongo wangu, ukapotea bila kuacha alama. Huko uendako hutaukuta kwenye rekodi yoyote. Nimeutafuta. Kuna sehemu moja tu ulipoandikwa, nayo ni hii karatasi.

Nilichukua bodaboda hadi Kibirizi, zinapoondokea boti za kwenda kaskazini. Nikamuuliza mpakiaji mmoja habari za mama mwenye kitenge cha ndege. Akasema, "Yule Mrundi? Tulimwambia asubiri, meli inawaleta wote. Akasema simu ni nzima na watu wake hawapokei, basi lazima aende akazike au akauguze. Ameondoka saa sita."

Nilikuwa na namba za simu za kampuni nzima, nchi nzima, na sikuwa na namba ya mama yako. Jioni upepo uligeuka, boti ikapinduka. Yaliyobaki unayajua, wengine waliokolewa na wavuvi, yeye hakuonekana. Keshokutwa yake meli ikawaleta wewe na nyogokuru wako, wazima, na wewe umebeba sufuria kichwani kama kofia.

Nilikuja kuwatafuta uwanjani. Ninyi mlidhani ni bahati. Nyogokuru wako alikuwa anawaambia watu kule kambini mlikohamishiwa baadaye, "Mungu alitutumia mtu wa simu, Mrundi mwenzetu." Kwake nilikiri Urundi wangu siku ya kwanza, kwa Kirundi safi, maana sasa haukunigharimu kitu. Alinipa simu yake, akaniuliza, kwa kuwa mimi ni fundi, kwa nini zile siku mbili haikushika. Nikaigeuzageuza, nikasema betri imechoka. Nikamnunulia betri mpya. Alinibariki kwa ajili ya ile betri hadi anakufa.

Nilikuja kambini kila mwezi na sabuni na dagaa. Nyogokuru alipofariki masika yale, mimi na Perusi tukazungukia ofisi za ustawi wa jamii hadi tukakupata. Kila sikukuu ya kuzaliwa kwako unasali mezani, unamshukuru Mungu kwa huruma ya baba. Keza, haikuanza na huruma. Nilikuchukua kama mtu anayeokota vipande kabla mwenye chungu hajarudi. Kupenda kulikuja baadaye, na kulikuja kwa nguvu, siku uliyopata surua na ukanishika kidole usiachie. Lakini mlango ulioingilia haukuwa ule unaousalia.

Sasa nifike ninapoogopa zaidi.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa Ujiji kwa rafiki yake Perusi, mnapara samaki, mtu akauliza habari za mama yako. Ukasema, na kisu hukukisimamisha, "Mama yangu hakuwa na subira. Siku mbili tu angesubiri, tungekuwa naye." Ukaendelea kupara. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pale pale, karibu kiasi cha kukugusa. Umelisema tena mara nyingi tangu hapo, kila mara kwa ukavu zaidi. Mwaka juzi ulikataa kuliweka jina lake kwenye nia za misa ya marehemu. Ukasema, "Aliyeondoka mwenyewe."

Nami nikanyamaza. Miaka saba nimekuacha umkasirikie mama yako kwa ajili yangu.

Hakukosa subira. Sikiliza. Alisikia simu imekimya, na hakukimbilia boti. Alifunga kitenge chake, na mwili bado una uchovu wa homa, akatembea kutoka uwanjani hadi mjini, akatafuta watu wenye simu, akauliza swali moja sahihi. Akaliuliza mara mbili. Alipata jibu kutoka kwa mtu aliyevaa beji. Kwa jibu lile, kwenda ndiyo kitu pekee ambacho mama angefanya. Kama ningemwambia, "Dada, zimeharibika, rudi ukakae, jioni zitaita," kwa lugha yake au kwa yoyote, angekaa. Alikuwa mtu wa kuuliza kwanza. Hiyo tabia yako ya kumsumbua kila mwalimu, sikukufundisha mimi, nilikulea tu nikiitazama na kuona aibu.

Sina haki ya kukupa mawaidha juu ya kazi yako. Lakini umesema mtakuwa mnaamua skrini zionyeshe nini, na hili nalijua kuliko wanaokufundisha. Ile skrini yangu ilikuwa na rangi mbili tu, kijani na nyekundu. Haikuwa na rangi ya "sijui." Kijani chake kilikuwa na umri wa zaidi ya wiki mbili na hakikusema umri wake. Waombe waweke saa pembeni ya kila rangi: habari hii ni ya lini, na imetoka kwa nani. Mtambo usiposikika, usiuache na rangi yake ya jana. Na yule fundi wa mkoani ambaye haulizwi tena, siku akiwapigia simu na sentensi ikamfia mdomoni, usiwaache wacheke. Ngoja. Muulize tena kwa lugha yoyote. Huenda ana watu ndani ya nyumba tupu.

Mashine yenu haitahitaji ujasiri wa mtu kama mimi, na nashukuru. Ila hakuna daftari litakalokuja kupiga hodi hapa mezani. Nimesubiri miaka kumi na mitatu liulize.

Nilipanga kuifunga barua hii na kuisukuma chini kabisa ya sanduku lako, chini ya migebuka, uisome ukiwa umeshapita Tabora. Tazama hilo nalo. Hata leo nilitaka kuweka hatua kumi na tano kati yetu.

Nasikia geti. Ni wewe, nakujua kwa ndala ya kushoto inayoburuta. Unamwambia Perusi kitu, anacheka, anasema, "Mwulize mwenyewe, yumo ndani na Biblia yake." Unakuja. Mkono wangu umeshaifikia Biblia, nimeuona ukienda peke yake.

Naiweka chini, sakafuni. Karatasi iko wazi mezani, kiti cha mbele yangu nimekivuta. Ukiingia nitaanza kwa Kirundi, ile lugha niliyomnyima mama yako, na neno la kwanza litakuwa jina lake.